Mtambo Uliotaka Saruji

Patrisi Qamara aliukuta mtambo wake huko Olbalbal, ndani ya boma la Mzee Moloimet, ukiwa umebebeshwa vibuyu vya maziwa.

Alikuwa amekwenda kule kuuza ugoro, biashara ambayo hata mwenyewe hakuiheshimu, maana nusu ya ugoro huo ilikuwa majivu. Ukame ulikuwa umelikausha bonde zima, ng'ombe wamepelekwa milimani kutafuta majani, na wazee wachache waliobaki bomani hawakuona sababu ya kulipia chafya. Basi Patrisi akaketi anakunywa chai ya kukaribishwa huku macho yakitembea, kwa kuwa macho ya mjanja hayapumziki hata mwenyewe anapopumzika. Ndipo yalipotua kwenye fremu ya chuma ndefu kupita mtu, yenye matundu ya skrubu yaliyojipanga mstari toka juu hadi chini. Ndani ya fremu yalikuwamo masanduku ya bati yenye vishikio, vijitaa na vioo vya mishale. Juu ya kila sanduku, kibuyu.

Wengine wangeona kabati la ajabu. Patrisi aliona raki ya redio, maana kabla mpaka wa Kenya haujafungwa na wageni kuadimika, aliwahi kuwa mbeba mizigo katika hoteli moja ya watalii ukingoni mwa kreta. Siku moja alikuja fundi kufunga mitambo ya redio ya upepo, na Patrisi akapewa kazi ya kumshikia tochi. Fundi yule alikuwa mtu wa maneno mengi na kila alichofanya alikieleza. Patrisi hakujifunza kufunga mtambo. Alijifunza kueleza.

Mzee Moloimet alisimulia kwamba fremu iliachwa na wazungu waliokuja kupima mvua. Mvua haikuja, wakaondoka, na gari lao halikuweza kubeba chuma chote kile. Vijana waliyafungua masanduku wakatoa matumbo yake, na nyaya zile za rangi nyekundu na njano sasa zilikuwa masikioni na shingoni mwa watu wa pande zote mpaka Arash. Sanduku moja tu ndilo halikufunguka, lile zito kama jiwe la kusagia, na hilo walilikalia.

Patrisi alitoa ugoro wote, na kipande cha sabuni juu yake, na mzee akaridhika. Mke wa mzee hakuridhika. Alivishusha vibuyu vyake kimoja kimoja huku akisema kwa Kimaasai maneno ambayo Patrisi aliona ni heri hakuyaelewa.

Mjini Karatu palikuwa na mfanyabiashara aitwaye Saidi, ambaye watu walimwita Bwana Saidi hata wakimsengenya. Ulikuwa mwaka ule wa themanini na tatu, mwaka wa kusaka walanguzi, wakati kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya harusi na mfuko wa saruji ulikuwa hadithi ya kusimuliwa. Duka la Bwana Saidi lilikuwa na rafu tupu, mizani na picha ya ukutani. Ukiuliza sukari, alikuangalia kwa huzuni kana kwamba umemkumbusha marehemu. Lakini nyuma ya duka palikuwa na stoo, na nyuma ya mlango wa stoo vitu vililala vimebanana hata panya walipita kwa foleni.

Patrisi alimwendea Bwana Saidi akiwa na kalamu tatu mfukoni na suti ya kaunda aliyoazima. Akajitambulisha kuwa ni injinia wa mitambo, mzaliwa wa Qurus lakini mkazi wa Dar es Salaam kwa sababu za kikazi. Alisema amekuja na mtambo wa kunasa mazungumzo ya redio za magari ya serikali, na kwamba amefikiria sana nani katika mji ule anastahili.

"Wakubwa wakitoka Arusha," alisema kwa sauti ya chini, "wewe utawasikia wangali Makuyuni. Wakifika Mto wa Mbu, umeshafagia stoo."

Bwana Saidi alikuna ndevu. Hakuuliza bei wala hakuuliza kibali. Aliuliza swali moja tu, kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Na huo mtambo hautaniua?"

Patrisi baadaye alikiri moyoni kwamba swali hilo ndilo lililomfungulia mlango wa stoo. Alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa, akaanza somo la usalama. Raki, alisema, ni mnyama mrefu mwenye miguu midogo. Usipoifunga sakafuni kwa boliti, itakulalia. Boliti nazo hazishiki udongo, zinataka msingi wa saruji, tena msingi wa kushuka chini, si wa kupaka juu. Sanduku zito hukaa chini kabisa na jepesi juu. Hubebwa na watu wawili. Hairuhusiwi kuvuta masanduku mawili nje kwa pamoja, maana raki huinama kumtazama anayeyavuta. Radi nayo ya Ngorongoro haina urafiki na mtu, kwa hiyo lazima uwepo waya wa shaba wa kuipeleka ardhini, na shimo lake lijazwe mkaa na chumvi ili ardhi iwe na unyevu. Chumba kiezekwe bati jipya. Mbele ya raki pawe na mkeka wa mpira, na asiguse mtu asiyevaa mpira mguuni, na jenereta iwe imezimwa kwanza.

Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake, kwa kuwa uongo wa Patrisi haukuwa katika maneno bali katika vipimo. Palipotosha nusu ya mfuko wa saruji, alitaja mifuko ya kujengea daraja. Palipotosha chumvi ya kujaza kofia, alitaka gunia. Na alipoona Bwana Saidi anakubali kila kitu kwa kutikisa kichwa, aliongeza katoni ya sabuni, kwa sababu jasho la mkono, alisema, ni adui mkubwa wa umeme.

Vitu vikaanza kutoka. Vilitoka mchana kweupe, juu ya punda, na Bwana Saidi mwenyewe akisimama barazani akiwaeleza wapita njia kuwa vinakwenda kupimwa ubora kwa injinia. Punda walikuwa wa Hyasinta, binti Mzee Tluway wa Qurus, aliyekuwa akikodisha wanyama wake kwa wenye mahindi na ngano. Huyu Hyasinta alikuwa mchumba wa Patrisi kwa hesabu za Patrisi. Kwa hesabu za baba yake alikuwa binti anayepotezewa wakati, kwani miaka ilikuwa ikipita na hakuna hata mbuzi aliyeletwa kwa Mzee Tluway. Patrisi alipomwomba amhifadhie mizigo kidogo katika ghala la baba yake, Hyasinta aliitazama mizigo, akamtazama yeye, akasema ghala lina nafasi. Hakuuliza zaidi. Patrisi alilichukua hilo kuwa ni mapenzi.

Mpango ulikuwa rahisi. Mtambo ukishazinduliwa angeaga kwamba anakwenda Dar kuleta kipuri, angepita Qurus, na vitu vile angeviuza kidogo kidogo pande za Mbulu ambako hakuna aliyemjua. Usiku hakukesha kwa wasiwasi. Alilala kama mtoto.

Kilichobaki kilikuwa kuisimamisha raki yenyewe pale dukani, na hapa Patrisi alikabiliwa na tatizo ambalo huwapata wajanja wengi: alikuwa ameiba vifaa vya kazi yake mwenyewe. Saruji yote ilikuwa Qurus. Msingi alioupiga ulikuwa tope lililopakwa saruji usoni kama poda, na mahali pa boliti alichomeka misumari. Waya wa shaba ulionekana ukitoka dirishani kwa heshima, ukaingia kwenye majani, ukaishia hapo hapo.

Halafu kulikuwa na suala la lile sanduku zito. Patrisi alijua fika mahali pake ni chini. Alimkumbuka fundi wa kreta akipiga teke sehemu ya chini ya raki na kusema mama wa nyumba hukaa hapa. Lakini ndilo pekee lililokuwa na kioo kikubwa chenye mshale unaotikisika ukiligusa, na likikaa chini hakuna ambaye angeuona mshale. Aliwaza kidogo. Kisha akalipandisha juu, usawa wa macho ya watu, na chini akaweka masanduku matupu ambayo upepo ungeweza kuyasomba. Ndani ya mojawapo alificha redio ndogo ya betri.

Siku ya uzinduzi Bwana Saidi alialika nusu ya mji. Jambo hilo lilimshangaza Patrisi, kwani alidhani mtambo wa kunasa siri hufungwa kwa siri. Bwana Saidi alimjibu kuwa neema haifichwi, na kwamba kwa watu yeye atauita mtambo wa muziki wa hoteli anayotarajia kufungua. Wakaja wenye maduka, madereva, akina mama wa sokoni. Akaja pia Mzee Moloimet, kwa miguu kutoka Olbalbal, amevaa katambuga za tairi na shuka mpya. Alikuwa ametumwa na mkewe kuuliza kama chuma kile kitarudi, kwa sababu rafu ya miti aliyomtengenezea badala yake imeliwa na mchwa. Patrisi alimwomba kwa ishara akae nyuma na anyamaze, naye mzee akakaa, akatazama.

Patrisi alianza kwa kuwasomea watu sheria zote za usalama. Alisema mtu asiye na mpira mguuni asikanyage karibu. Alisema likitokea la kutokea asiguse mtu mpaka jenereta izimwe, na wakigusa waguse wawili wawili. Watu walirudi nyuma kwa heshima. Jenereta ya mashine ya kusaga ikawashwa uani. Patrisi akaingiza mkono ndani ya sanduku, akafungua redio, na sauti ikatoka. Kilikuwa kipindi cha salamu. Mtu wa Singida alikuwa akiwasalimu shemeji zake.

Watu walipiga makofi. Bwana Saidi aliomba kuona mambo ya ndani, na Patrisi, ambaye makofi yalikuwa yamemlevya, alishika vishikio vya masanduku mawili ya juu akayavuta nje kwa pamoja.

Raki iliinama kumtazama. Misumari ilitoka kwenye tope bila hata kulia. Patrisi aliona mshale mkubwa ukimjia usoni, akaruka pembeni, na mwili wote ukaokoka isipokuwa mguu wa kushoto, ambao ulibaki chini ya chuma na sanduku lile zito. Alisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Aliomba wamtoe. Hakuna aliyesogea. Dereva mmoja aliyejaribu alivutwa shati na wenzake wakamuuliza kama hakusikia maneno ya injinia. Mtu akatumwa kuzima jenereta, lakini mwendeshaji alikuwa ameifungia kibandani na kwenda na ufunguo. Wengine walitazamana miguu wakitafuta mpira, wakaona ngozi, kanvasi na vidole. Patrisi alipaza sauti akiwaapia kuwa hakuna umeme hata chembe, kwamba mtambo wote haujaunganishwa na kitu chochote, lakini mama mmoja wa sokoni alisema kwa huruma kwamba maskini, umeme umeshampanda kichwani. Na muda wote huo redio iliendelea. Mtu wa Singida alikuwa amefika kwa majirani.

Mwishowe Mzee Moloimet aliinuka. Alipita katikati ya watu na katambuga zake za tairi, nao wakampisha kwa kuwa yeye peke yake alitimiza masharti. Akaiinua fremu kwa mikono miwili kama anayeinua mlango wa zizi, akaiegemeza ukutani. Kisha akamwinamia injinia akamuuliza, kwa kuwa sasa haina kazi, kama anaweza kuondoka nayo.

"Chukua," alisema Patrisi, na akazimia.

Alizindukia hospitalini, mguu ukiwa ndani ya plasta toka kwenye vidole hadi gotini. Hakuwa na mgeni kwa siku kadhaa. Kisha akaja Bwana Saidi na machungwa. Aliketi kitandani, akamenya moja taratibu, akampa habari za mji. Maofisa walikuwa wamefika, siku iliyofuata uzinduzi. Walifungua stoo wakakuta ufagio. Walipouliza saruji na bati viko wapi, mji mzima uliwajibu kwa sauti moja kwamba Bwana Saidi ametapeliwa na injinia wa uongo, na wakaonyeshwa msingi wa tope. Ofisa mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Walimpa pole, wakaenda zao.

"Mjinga hasakwi," alisema Bwana Saidi, akimpa Patrisi kipande cha chungwa. "Kijana wangu, mtambo uliotoka Dar haunuki maziwa ya mgando. Nilikujua toka siku ya kwanza. Nilikuwa natafuta mtu wa kunitolea mali mbele ya macho ya watu, na wewe ukaja mwenyewe, na kalamu tatu."

Patrisi alikitafuna kipande cha chungwa akakiona kichungu. Miaka yote aliyofanya kazi ile, hakuna aliyewahi kumtumia kama punda. Kilichomuuma zaidi ya mguu ni kwamba Bwana Saidi hakuwa hata na hasira. Alieleza kwa utulivu kuwa mali iko Qurus, ghalani kwa Mzee Tluway, anajua, na kwamba upepo wa msako sasa umepita. Watakwenda pamoja na pikapu. Patrisi atapata katoni ya sabuni kwa usumbufu. Asipokubali, polisi wangali wanamtafuta injinia.

Wakaenda asubuhi moja yenye ukungu, Patrisi na magongo yake mbele, blanketi la Bwana Saidi likiwa limetandikwa kwenye kiti kwa ajili ya baridi ya kule juu.

Walipofika kwa Mzee Tluway walikuta magari mawili ya ng'ombe uani, vyungu jikoni, na wazee wamekaa katika mzunguko. Nyumba ya mzee ilikuwa na bati jipya linalong'aa. Sakafu ilikuwa ya saruji, imesuguliwa laini, na kando ilikuwa imeanza nyumba nyingine ndogo, kuta zimefika kiunoni. Patrisi aliona kijasho kikimshuka ingawa palikuwa na baridi.

Mzee Tluway alikuja kuwapokea kwa mikono yote miwili. Alimshukuru Mungu kwamba mkwe wake amepona. Akawaeleza wazee wenzake kwamba huyu ndiye kijana waliyekuwa wakimsema vibaya kwa miaka, na tazama, alipoamua kuleta mahari ameleta mahari ambayo Qurus haijapata kuona, ya saruji na bati na chumvi, mchana kweupe, kila mtu akishuhudia. Ndoa ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili, na bado mara moja tu. Aliyekuwa akikosekana ni mshenga wa upande wa bwana harusi. Akamgeukia Bwana Saidi akitabasamu.

"Nawe ndiye mshenga, bila shaka. Karibu, mzee mwenzangu."

Bwana Saidi alifungua kinywa. Patrisi alimwona akizipima njia zote kichwani, kama alivyokuwa akipima sukari. Akisema mali ni yake, ataulizwa mali iliyotapeliwa imefikaje hapa na yeye ameijuaje njia. Akisema si mshenga, amekuja na pikapu tupu kufanya nini? Wazee wakasubiri.

"Ndimi," alisema Bwana Saidi.

Wakamkalisha kwenye kiti cha heshima. Wakamletea chai ya maziwa, na wakamwomba aseme machache juu ya tabia ya kijana. Bwana Saidi alisimama. Alisema anamfahamu Patrisi kwa muda mfupi lakini wa kutosha. Alisema ni kijana mwenye bidii, ambaye akikabidhiwa mali hufikisha yote, hapunguzi hata msumari. Alisema hayo huku akiitazama ile sakafu, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, hata mama Hyasinta akafuta machozi.

Patrisi alipata nafasi ya kumvuta Hyasinta pembeni, nyuma ya ile nyumba ndogo. Alimuuliza kwa kunong'ona kama hakujua vitu vile vilikuwa vya nani.

"Nilijua havikuwa vyako," alisema Hyasinta. "Lakini baba aliviona vinaingia akaanza kuimba. Ningemwambia nini? Kwamba mchumba wangu mwizi?"

Patrisi aliitazama plasta yake.

"Unaweza kuondoka," aliendelea yeye, bila ukali. "Njia ile pale. Mwanamume akivunja uchumba harudishiwi kitu, wazee wataeleza. Mimi nitabaki na nyumba. Au ubaki, tuimalizie. Lakini ukibaki, Patrisi, hakuna injinia hapa. Kuna shamba."

Aliitazama njia. Ilikuwa inateremka vizuri hadi barabara kuu, lakini kwa mtu mwenye magongo mawili ilikuwa ndefu. Akaitazama nyumba. Aliinama akagusa msingi kwa ncha ya gongo, akakuta ni mgumu, wa kushuka chini. Aliuliza ni nani aliyeupiga. Hyasinta alisema ni yeye na kaka zake.

Uani mambo yalikuwa yamefika mwisho, isipokuwa kitu kimoja. Wazee walimkumbusha mshenga kwamba kwa mila za Wairaqw mama mzazi wa binti bado hajapewa kitu chake. Bwana Saidi aliuliza ni kitu gani. Blanketi, walimwambia, tena wameliona kwenye pikapu, zuri sana.

Bwana Saidi alikwenda kwenye pikapu akalileta. Alilitoa kwa mikono miwili, akapokea vigelegele, akaahidi pia pikapu yenyewe kwa ajili ya kumbeba bibi harusi, kwa kuwa tayari walikuwa wameshamwomba mbele ya watu. Kisha akaondoka kuelekea Karatu, kola ameipandisha hadi masikioni.

Patrisi alibaki ameketi kwenye kigoda, mguu wa plasta umenyooshwa mbele yake kama wa mtu mkubwa, wazee wakimpongeza mmoja mmoja. Walipotawanyika, Hyasinta alikuja na ungo uliojaa maharage makavu yakiwa bado kwenye maganda yake, akauweka mapajani pake. Mikono, alimwambia, haikuvunjika.

Patrisi akaanza kumenya.